Simbilisi Mmoja si Zawadi

Kuna zawadi inayosifiwa sana kwetu Kivu Kusini, nami naandika insha hii kuipinga. Ni simbilisi jike mmoja, ametiwa ndani ya kikapu au mfuko wa unga uliotobolewa matundu, anakabidhiwa mtu pamoja na maneno yaliyozoeleka: chukua tu, pengine ana mimba. Anayetoa huondoka akijiona mkarimu. Anayepokea hushukuru. Mnyama mwenyewe hana wa kumuuliza. Mimi nasema hiyo ni nusu ya zawadi, na nusu hiyo nayo ni rahisi kufa mikononi mwa aliyeipokea. Anayemchukua jike wa namna hiyo ana wajibu wa kumtafutia mwenzake, na mwenzake huyo, kwa wakati ule, si dume.

Najua baadhi yenu mmeanza kucheka. Wenzetu katika mkusanyiko huu wanaandika juu ya rushwa, juu ya lugha za mama, juu ya ada na vyumba vya kupanga. Huyu anatuletea mnyama wa chini ya kitanda. Chekeni, kisha mnisikilize.

Kwa msomaji wa mbali ambaye hajamwona: simbilisi si panya wala si sungura. Ni mnyama mdogo asiye na mkia, mwenye miguu mifupi na masikio mapana yaliyolala, na mara nyingi hafikishi hata kilo moja. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako watu walimfuga kwa ajili ya nyama maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajafika. Waingereza wamempa jina la nguruwe wa Guinea, ingawa si nguruwe wala hakutoka Guinea. Wafaransa humwita cobaye, na sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tulilijua neno hilo kwanza kwa maana ya mtu anayefanyiwa majaribio. Walungu, Kabare na Kalehe hakuna haja ya maelezo hayo yote. Utamkuta jikoni, kando ya mafiga, akipiga mluzi mkali mara tu anaposikia hatua za mtu aliyebeba majani.

Ng'ombe wengi wa vijiji hivyo walikwenda na vita vilivyoanza 1996. Mbuzi nao wakafuata. Simbilisi alibaki, kwa sababu mwenye bunduki hamhesabu kuwa mali, na mama anayekimbia usiku anaweza kumtia ndani ya kikapu pamoja na sufuria. Huyu ndiye mfugo wa asiye na mfugo. Mtoto huuza wawili akapata daftari na kalamu. Mama humchinja mmoja mgeni anapobisha hodi na hakuna nyama. Samadi yake huenda kwenye bustani ya mboga. Kwa hiyo tunapomzungumzia jike mmoja aliyekufa wakati wa kuzaa, tusidhani tunazungumzia kichezeo. Kuna mtoto ambaye daftari lake limekufa pale. Wala sisemi haya kwa moyo mlaini tu: mimi nakula simbilisi, na wa kuchoma nampenda kuliko kuku.

Mwaka jana jirani yetu hapa Bukavu, mama mzee aliyekuwa anahamia kwa mwanawe Uvira, aliniachia jike mwekundu mwenye baka jeupe kichwani. Akaniambia, "Chukua, mtoto wangu, pengine iko na mimba." Walimu wangu wa sarufi watataka kusahihisha hapo. Kiswahili sanifu kinamweka mnyama katika ngeli moja na mtu: simbilisi anakula, simbilisi wamelala. Sisi wa Kivu tunasema iko, na sina ugomvi na lahaja iliyonilea. Mama yule alimtunza mnyama wake vizuri kuliko wengi wenye sarufi safi. Ugomvi wangu ni na wale vijana wa uani waliokuja baadaye kunishauri. "Weka dume ndani, itazaa." Walisema kama mtu anayesema weka betri, itawaka.

Ndani ya siku mbili ua mzima ulikuwa umetoa hukumu. Wa kwanza alitaka nilete dume. Wa pili alisema sina haja ya kuhangaika, mnyama ana mimba, atajizalia wenzake. Wa tatu alikuwa na sungura wawili katika banda la mbao na akanikaribisha nimwingize humo humo, wote wanakula majani. Ushauri wa aina hii utausikia kila mahali simbilisi anapotolewa, kwa hiyo naujibu si kwa ajili ya ua wetu tu.

Kwanza tulielewe neno lenyewe, "pengine". Mimba ya simbilisi huchukua kati ya siku 59 na 72. Ni muda mrefu mno kwa mnyama mdogo hivi. Sungura humaliza kwa mwezi mmoja, na panya kwa majuma matatu. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtoaji si kama mnyama ana mimba, kwa kuwa hajui. Swali ni hili: lini jike huyu alikuwa na dume kwa mara ya mwisho? Ukiijua siku hiyo, hesabu siku 72. Zikipita bila mtoto, hakuwa na mimba. Mama yule alinijibu bila kusita kwamba walikuwa wote chini ya kitanda kimoja hadi asubuhi ile, dume, majike na vitoto. Basi nikaanza kuhesabu kutoka asubuhi ile. Mtu asimbinye tumbo mnyama ili kujua. Katika nusu ya pili ya mimba mkono uliozoea, ukigusa kwa upole, huweza kuhisi kitu kama mayai madogo ubavuni, na katika majuma ya mwisho mbavu hupanuka mpaka anafanana na embe lenye miguu, na watoto huonekana wakijigeuza ndani. Mkono usiozoea, na mikono mingi yetu haijazoea, huua kile unachokitafuta.

Sasa dume. Huu ndio ushauri mbaya kuliko yote na ndio unaotolewa kwa uhakika zaidi.

Chukua kwamba kweli ana mimba. Jike wa simbilisi huingia tena katika joto saa chache tu baada ya kuzaa. Dume akiwepo, atampanda siku ile ile, huku watoto hawajakauka vizuri. Matokeo yake ni jike anayenyonyesha na kubeba mimba kwa wakati mmoja, mzao juu ya mzao, hadi mara tano kwa mwaka akidumu. Wako wafugaji wanaofanya hivyo kwa makusudi, wenye majani ya kutosha na vyakula vya nyongeza, nami siwahukumu. Lakini jike anayelishwa majani ya viazi vitamu yaliyookotwa sokoni jioni, katika ua wa kupanga, huo kwake ni mkopo wenye riba asiyoweza kulipa. Utaona nywele zinakatika, mgongo unachongoka, na mzao wa tatu unatoka mfu.

Chukua sasa kwamba hana mimba. Hapo hatari ni kubwa zaidi, nayo haijulikani na wengi. Mifupa ya mbele ya nyonga za simbilisi jike imeunganishwa kwa ufito laini unaotanuka wakati wa kuzaa, na kwa mnyama huyu kutanuka huko ni lazima, maana watoto wake huzaliwa wakubwa: wana manyoya, macho wazi na meno, na siku ya kwanza au ya pili wanatafuna majani. Jike anayebeba mimba yake ya kwanza kabla ya kufika miezi sita au saba hutanuka vizuri, na baada ya hapo huendelea kuweza. Ambaye hajawahi kuzaa na amevuka umri huo, ufito ule hukakamaa. Ukimpa dume, umempa mimba isiyo na mlango. Atahangaika siku nzima, damu itatoka, na kesho utamkuta amelala ubavu. Mtu akisema "pengine ana mimba" anakiri kwamba hajui. Na asiyejua kama mnyama ana mimba, mara nyingi hajui hata umri wake, wala kama amewahi kuzaa. Kumwingizia dume mnyama usiyemjua hivyo ni kucheza kamari kwa uhai wa mwingine.

Na dume huyo atatoka wapi? Kwa kawaida kwenye kitanda kile kile alikotoka jike. Atakuwa kaka yake au baba yake. Vijiji vingi vimekuwa vikizungusha damu moja kwa miaka, kisha watu wanashangaa kwa nini simbilisi wa leo ni wadogo kuliko wale wa zamani.

Hukumu ya pili, atajizalia wenzake, ina sura ya busara. Ni kweli watoto watakuwa wenzake, kwa majuma matatu. Baada ya hapo hesabu inabadilika. Watoto wa kiume huweza kuanza kupanda wakiwa wadogo kiasi cha kumshangaza mtu, na wa kike huweza kupata mimba wakiwa na mwezi mmoja hivi. Usipowatenga madume kwenye siku ya 21 au karibu na hapo, mwana atampanda mama na kaka atampanda dada. Ukiwatenga, na mzao wote ukawa wa kiume, jambo lisilo la ajabu kwa mzao wa wawili au watatu, mama anabaki peke yake kama mwanzo. Na kabla hata ya kufika huko, kuna siku zote za mimba ambazo anazipitisha bila mwenzake, katika nyumba ngeni, hapo ndipo anapomhitaji zaidi. Simbilisi mwenye mimba anayeacha kula kwa hofu anaweza kufa katika siku chache, kwa kuwa mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe na kujitia sumu. Anakula vizuri anapomwona mwingine anakula.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa. Simbilisi ana chuchu mbili tu. Akizaa watoto watatu au wanne, kuna foleni. Katika kundi la majike, mama mwingine anayenyonyesha huwaacha watoto wasio wake wakanyonya, bila kuwafukuza. Bibi zetu walilijua hilo kwa macho. Jike aliye peke yake hana msaidizi, na kitoto cha nne ndicho kinacholipa.

Kuhusu sungura nitakuwa mfupi. Sungura hupiga teke la nyuma linaloweza kuvunja mbavu za mnyama mdogo, tena mwenye mimba. Hubeba kooni vijidudu ambavyo yeye havimsumbui sana lakini humtia simbilisi homa ya mapafu. Na chakula chao si kimoja ingawa wote wanakula majani: sungura hujitengenezea vitamini C mwilini, simbilisi hawezi, kama sisi binadamu tusivyoweza. Akikosa majani mabichi hupata kiseyeye, viungo vinavimba, meno yanalegea, na mwenye mimba huhitaji vitamini hiyo kuliko mwingine yeyote. Wanyama wawili wanaoogopana katika banda moja si wenzi. Kuku naye asitajwe kabisa, maana hudonoa vitoto.

Basi nani anamfaa? Jike mwingine. Awe aliyekwisha kuzaa na ni mtulivu, au awe binti mdogo aliyeachishwa ziwa, maana jike mzima humpokea mdogo kwa urahisi kuliko anavyompokea wa rika lake. Huko Ulaya huweka pia dume aliyehasiwa, na ni mwenzi mzuri. Kwetu sijui nani atamlipa daktari wa mifugo kwa kazi hiyo ilhali bei ya simbilisi haifiki bei ya kumwona daktari.

Nilimnunua binti mweusi wa miezi miwili kwa mama mmoja anayeuza sokoni Kadutu. Alitaka kuniuzia dume pia, kwa bei ya kumaliza siku. Sikuwaunganisha wanyama wangu siku hiyo, na hapa naomba mwenye haraka anisikie. Mgeni hukaa peke yake siku 14 hivi, ili chawa na utitiri wajitokeze kabla hawajahamia kwa mwenzake. Lakini awekwe mahali ambapo wanasikiana. Kisha hukutanishwa mahali pasipo pa yeyote kati yao, juu ya rundo kubwa la majani, pakiwa na maficho mawili au matatu yenye milango miwili, ili anayekimbizwa asinaswe. Watakimbizana. Mmoja ataguruma na kutikisa makalio, watagonga meno, mmoja atampanda mwingine kama dume. Wapangaji wenzangu walisimama uani wakasema wanauana. Hawakuwa wanauana. Walikuwa wanaulizana nani mkubwa, na ikishajulikana nani mkubwa kuna amani. Damu ikitoka, hapo watenganishwe. Na kama tumbo la jike limeshakuwa lile embe lenye miguu, kukutana kusubiri hadi azae. Waonane tu kupitia wavu. Wangu alikuwa bado mwepesi. Kufikia jioni walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu ndani ya karai lililopinduliwa.

Malishe hayana siri kubwa: majani ya viazi vitamu, magugu ya shambani, majani na maganda ya ndizi, mabichi lakini yasiyo na umande mwingi wala ukungu. Majani ya mparachichi, ambayo katika miji yetu yamejaa hadi kwenye mifereji, ni sumu kwake. Vivyo hivyo majani ya viazi mviringo. Nimewahi kuona mtoto akimwaga mzigo mzima wa majani ya mparachichi bandani kwa moyo safi kabisa.

Sasa pingamizi ninalolitazamia kutoka kwa wasomaji wenye umakini. Watasema: hizi ni anasa za Wazungu. Mtu hana chakula, wewe unamtafutia panya rafiki. Pingamizi hili nimelisikia likitolewa kwa sauti ya mtu anayeitetea Afrika, nami naona linaitukana Afrika.

Nani alimfuga simbilisi peke yake? Si bibi yangu. Jikoni kwake walikuwa kumi au kumi na wawili, na hakuna aliyewahi kusikia mtu wa Walungu akimfungia mmoja ndani ya kizimba na kumpa jina. Mtindo wa mmoja ndani ya kizimba ni wa watoto wa mijini huko Ulaya, waliomchukua mnyama anayeishi kwa makundi wakamfanya mapambo ya chumba. Baadaye wakaona matokeo yake, ikabidi waandike sheria. Uswisi, kanuni za ulinzi wa wanyama za mwaka 2008 zinakataza kumfuga simbilisi bila mwenzake. Ikabidi pia wapime kwa vifaa. Norbert Sachser wa Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, pamoja na wenzake, walipima homoni ya msongo katika damu ya madume waliopelekwa katika kizimba kigeni. Aliyekuwa peke yake homoni ilipanda. Aliyewekewa jike asiyemjua, ilipanda vile vile. Aliyewekewa jike waliyezoeana naye kwa dhati, ilipanda kwa kiasi cha chini kuliko kwa wengine wote. Maana yake ni kwamba mnyama huyu hahitaji tu mwili mwingine kando yake; anamjua nani ni wake. Kwa kipimo cha damu Münster wamethibitisha kile ambacho jiko la bibi yangu lilikuwa likikifanya bila kukieleza. Na sisi, wenye jiko hilo, ndio tunaoanza kugawa mmoja mmoja ndani ya mfuko wa unga na kusema kwamba upweke wa mnyama ni hadithi ya Wazungu.

Wala sisemi jiko lile lilikuwa kamilifu. Lilikuwa na moshi. Vitoto vilikanyagwa, paka alichukua sehemu yake, na baba alizaa na binti yake kwa sababu wote walikuwa mahali pamoja. Ninachotaka tukibebe kutoka jikoni ni kundi. Vurugu ya madume na majike wasiotengwa tuiache pale pale.

Nije sasa kwa wagawaji, maana wao ndio walionifanya nishike kalamu. Nimekaa katika mkutano wa kijiji ambapo simbilisi ishirini waligawiwa kwa familia ishirini, jike mmoja kila nyumba, majina yakaandikwa, picha zikapigwa. Ahadi ilikuwa kwamba dume wa kijiji atazunguka kutoka nyumba hadi nyumba. Sitamtaja mgawaji, nia yake ilikuwa njema na gari lake lilikuwa na matope ya kweli. Lakini dume hakuzunguka, kwa kuwa aliyepewa kumtunza alimwona ni wake, na kwa kuwa hakuna aliyepanga siku. Nyumba nyingine zilikaa na jike mmoja mpaka akavuka umri wa kuzaa kwa usalama. Nyingine zilikwenda kutafuta dume lolote lililopatikana, zikampoteza jike katika mzao wa kwanza. Katika daftari la mgawaji bado ni familia ishirini zilizosaidiwa.

Wanyama wale wale ishirini wangetosha nyumba kumi, majike wawili wawili. Ningeongeza madume wawili kutoka mlima mwingine, kila mmoja kwa nyumba tano, na dume mmoja huwatosha majike kumi bila taabu. Dume akae katika banda lake mwenyewe. Aletwe jike anapokuwa na mwili mzuri, akae siku 35 hivi, maana mzunguko wa joto wa jike ni siku 16 au karibu na hapo na inafaa apate nafasi mbili, kisha arudi kwake kabla jike hajazaa. Baada ya mwaka madume wabadilishane milima. Hakuna fedha ya ziada katika mpango huu. Kinachopungua ni idadi ya majina kwenye orodha, kumi badala ya ishirini, na nadhani hicho ndicho kinachowauma wagawaji kuliko gharama. Mtu anayepeleka ripoti hupenda namba kubwa. Nyumba iliyopewa jike mmoja huhesabiwa sawa na nyumba iliyopewa wawili, na ile ya kwanza ni rahisi mara mbili.

Wenzangu mnaosomea maendeleo na kilimo, ambao kesho mtakuwa ndio wenye daftari lile, naomba mkumbuke nyumba zile zilizobaki na jike mzee. Walimu wetu wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Katika miaka yote ya masomo yangu sijapewa kifungu hata kimoja cha ufahamu juu ya mnyama huyu, wakati simba na tembo, ambao wengi wetu hatujawahi kuwaona, wamenifuata tangu darasa la kwanza. Wanafunzi hawana msamiati wa kumzungumzia: joto, kupandwa, kuachisha ziwa, nyonga. Mtu asiye na maneno hayo atasema nini zaidi ya weka dume, itazaa?

Jike wangu mwekundu alizaa siku ya 41 tangu nimchukue, alfajiri, watoto watatu: wa kiume wawili na wa kike mmoja. Mweusi, ambaye hakuwa na maziwa wala uzoefu, aliwalalia kwa joto wakati mama yao alipokwenda kula. Madume waliondoka siku ya 21. Mmoja yuko Bagira kwa rafiki aliyekuwa anatafuta damu ngeni, mwingine tulimla Krismasi. Baada ya mama kurudisha mwili wake nilimwazima dume wa nyumba nyingine kabisa, wakati mweusi bado hajatimiza miezi mitano, na binti mdogo nikamtenga upande wa pili wa wavu. Dume alikaa siku zake, akarudi kwao.

Wote wawili sasa ni wazito. Wakizaa salama, nitakuwa na majike wa kugawa kabla ya mitihani. Anayetaka aniambie mapema ili niwapange wawili wawili. Atakayekuja na kikapu cha mmoja atarudi nacho kitupu.